Kupanga Safari ya Kuwinda Nyama Texas: Nilgai, Axis na Wanyama Wengine wa Kigeni

Safari ya kuwinda kwa ajili ya nyama huanzia kwenye friza. Fungua yako, pima nafasi iliyobaki, ndipo uanze kuulizia ranchi. Kila lita 100 za friza hubeba takriban kilo 55 hadi 60 za nyama isiyo na mfupa iliyofungwa vizuri. Jike la nilgai, swala mkubwa, linaweza kujaza nafasi hiyo yote peke yake, ilhali jike la axis, kulungu wa madoa, hujaza kama theluthi yake tu. Hesabu hii ndiyo inayoamua umwinde mnyama gani, wa ukubwa gani, na usafiri kwa gari au kwa ndege. Wengi huifanya siku ya mwisho, barafu ikiwa imeshayeyuka.

Texas huwaita "wa kigeni" wanyama walioletwa kutoka Asia na Afrika wakazaliana porini na kwenye ranchi. Axis, kulungu wa madoa wa India, aliletwa mwaka 1932. Nilgai, swala mkubwa kuliko wote wa Bara Hindi, alifunguliwa kwenye ardhi ya King Ranch, kusini mwa jimbo, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Aoudad, kondoo wa majabali ya Afrika Kaskazini, aliachiwa kwenye korongo la Palo Duro mwishoni mwa miaka ya 1950. Sheria ya jimbo haiwawekei wanyama hawa msimu wala idadi ya mwisho kwenye ardhi ya mtu binafsi, mradi mwenye ardhi ameridhia. Na kwa kuwa sehemu kubwa mno ya Texas ni mali ya watu binafsi, mgeni asiye na ndugu mwenye ranchi hana njia nyepesi kuliko kulipia uwindaji wenye mwongozaji.

Kuchagua mnyama

Kama lengo ni kitoweo, tafuta jike. Bei ya dume hupandishwa na pembe, na pembe haziliwi. Jike huuzwa kwa bei ya chini sana kwenye ranchi hiyohiyo, nyama yake ni laini zaidi, na mara nyingi mwenye ranchi anataka majike yapungue.

Axis ndiye wa kuanzia. Jike mzima huwa na kilo 41 hadi 66, na dume 66 hadi 113. Nyama yake ina mafuta kidogo sana, haina harufu kali, na hata watoto wasiozoea nyamapori huila bila kubembelezwa. Nilgai ni mradi mwingine kabisa. Jike huwa na kilo 110 hadi 210 na dume hufika 280, kwa hiyo anahitaji watu wawili au watatu wa kumgeuza, gari lenye winchi, na masanduku ya barafu ya kutosha. Nyama yake inakaribia ya ndama. Blackbuck, swala mwingine wa Bara Hindi, ni mdogo; nyama yake ni nzuri, ila gharama yake kwa kilo ni kubwa. Aoudad tunamshauri kwa mtu anayependa kupanda majabali kuliko kula, kwa sababu nyama ya dume mzee ni ngumu, yenye nyuzinyuzi, na njia ya busara ni kuisaga.

Kukadiria utakachopeleka nyumbani, chukua uzito wa mnyama akiwa hai uzidishe kwa 0.35 hadi 0.4. Jike la axis la kilo 50 litakupa kilo 17 hadi 20 za nyama isiyo na mfupa. Jike la nilgai la kilo 160 litakupa kama 60. Kisha gawanya gharama yote kwa kilo hizo: ada ya mnyama, malazi, leseni, bakshishi, bucha, barafu na mafuta ya gari. Tuseme jumla ni dola 1,500. Kwa nilgai hiyo ni dola 25 kwa kilo, na kwa axis ni 75 au zaidi. Ukiongeza axis wa pili kwenye safari ileile, malazi na usafiri vinagawanyika na bei inashuka haraka.

Wakati wa kwenda

Kutokuwepo kwa msimu kusikudanganye. Kusini mwa Texas joto la kiangazi hupita nyuzi 35 za selsiasi kwa wiki kadhaa, na nyama iliyolala kwenye joto hilo huanza kuharibika kabla hujamaliza kupiga picha. Anayetaka dume la axis mwenye pembe ngumu huambiwa aje Mei hadi Agosti, kipindi cha kilele cha kupandana kwao. Wewe unayetaka nyama nenda Desemba hadi Februari, asubuhi zikiwa na nyuzi 5 au 10. Wakati huo kupe ni wachache, na nyoka aina ya kayamba (wenye sumu, wanaotikisa mkia kama kayamba) hawaonekani sana, ingawa siku za jua hutoka. Wiki za uwindaji wa kulungu wa mkia mweupe, hasa Novemba na Desemba, ranchi na mabucha hujaa. Januari ya mwisho na Februari ndiyo nafasi nzuri ya kupata mwongozaji asiye na haraka.

Mazungumzo na ranchi kabla ya kulipa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na hupotea kwa maneno ambayo hayakuandikwa. Usitume malipo ya awali mpaka uwe na majibu ya maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu tu.

Swali la kwanza ni mnyama aliyejeruhiwa. Karibu kila ranchi hufuata kanuni moja: tone la damu likionekana, umelipa bei kamili, mnyama apatikane asipatikane. Ni kanuni ya haki, lakini uliza nani anaamua kwamba damu imeonekana, wana mbwa wa kufuatilia au la, na watafuatilia kwa muda gani. Kama jibu la muda ni "tutaangalia angalia", tafuta ranchi nyingine.

Swali la pili ni chumba cha ubaridi. Je, kipo kwenye ranchi yenyewe, kinafanya kazi, na mzoga wako unaweza kuning'inia humo siku ngapi bila malipo? Ranchi yenye chumba cha ubaridi cha nyuzi 1 hadi 4 ina thamani kuliko ile yenye vyumba vya wageni vya kifahari na mti wa kuning'iniza mzoga nje.

La tatu, neno "nusu kutayarishwa" lina maana gani kwao? Ranchi moja ikisema hivyo ina maana ya kutoa matumbo tu. Nyingine itachuna na kukata vipande vinne. Uliza nani anachuna, nani anakata, na kila hatua inagharimu kiasi gani. Uliza pia kama eneo lina uzio mrefu au wanyama huingia na kutoka, kwa sababu hilo hubadilisha uwezekano wa kufanikiwa na namna ya kuwinda. Uliza kama unalipa siku zote hata usipofyatua, kama jike ni "mnyama utakayeonyeshwa" au unaruhusiwa kuchagua, na kama bei ina kodi ndani yake. Bakshishi ya mwongozaji ni asilimia 10 hadi 20 ya bei ya uwindaji, hutolewa mkononi mwisho wa safari. Iweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Wanaokula halali wamweleze mwongozaji mapema, si wakati mnyama yuko chini. Mwambie unasoma bismillahi unapofyatua, na kwamba mnyama akikutwa bado yu hai unataka kumchinja mara moja, hivyo mnahitaji kumfikia haraka na kisu kikali kiwe tayari. Masuala mengine ya fikihi ya risasi yamalizwe na sheikh wako nyumbani.

Leseni na karatasi

Mnyama hana msimu, lakini wewe unahitaji leseni. Hutolewa na Texas Parks and Wildlife Department na hununuliwa mtandaoni. Kwa asiye mkazi wa Texas anayewinda wanyama wa kigeni pekee, leseni maalumu ya siku 5 mfululizo inatosha. Bei yake imekuwa dola 48, ilhali leseni ya jumla ya asiye mkazi imekuwa dola 315. Watu hununua ile kubwa bila haja kwa sababu hakuna aliyewaambia. Hakikisha siku 5 zinaanza siku ya kwanza ya kuwinda, si siku ya kununua. Leseni ya siku 5 haikuruhusu kupiga kulungu wa mkia mweupe akipita mbele yako, hata mwongozaji akisema "mpige tu."

Aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baadaye anatakiwa kuwa na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Cheti cha jimbo lingine hukubaliwa. Mwenye miaka 17 au zaidi ambaye hana cheti anaweza kununua ahirisho la mara moja kwa dola 10, kwa sharti awinde akiwa na mwenye leseni aliyetimiza mafunzo, umbali wa kusikia sauti ya kawaida.

Kama uko Marekani kwa viza ya muda, soma hapa mara mbili. Sheria ya shirikisho humkataza mwenye viza ya aina hiyo kushika bunduki au risasi, na moja ya misamaha ni kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Maana yake leseni iwe mfukoni kabla hujagusa bunduki, hata ya kuazima, hata ya kujaribia shabaha. Kuingia nchini na bunduki yako kunahitaji kibali cha ATF, shirika la shirikisho linalosimamia silaha, kinachoombwa kabla ya safari kwa fomu ya 6NIA. Kwa mwindaji wa nyama, kukodi bunduki ya ranchi ni nafuu na hakuna kuumwa kichwa.

Bunduki, risasi na shabaha

Kwa axis, bunduki ya .243 (namba hizi hutaja aina ya bunduki kwa ukubwa wa risasi yake) yenye risasi ya greni 90 hadi 100 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) inatosha ukiwa mlengaji mzuri, 6.5 Creedmoor au .308 hukupa nafasi ya kupumua. Kwa nilgai anzia .30-06 yenye greni 165 hadi 180, na waongozaji wengi hupendelea .300 Win Mag au .338. Ngozi ya nilgai ni nene, hasa shingoni na mabegani kwa dume, na tundu la risasi hujifunga, hivyo huacha damu kidogo mno ya kufuata.

Chagua risasi ya shaba tupu. Risasi yenye madini ya risasi hupasuka na kutawanya chembe ndogo mbali na jeraha, nyingine zisizoonekana kwa macho. Mwaka 2008 idara ya afya ya North Dakota iliwashauri wajawazito na watoto chini ya miaka 6 wasile nyama ya wanyama waliopigwa kwa risasi za aina hiyo. Ukilazimika kutumia ya kawaida, kata na utupe nyama kwa upana kuzunguka tundu.

Fanya mazoezi ukiwa umesimama, bunduki imeegemea fito tatu, kwa sababu hivyo ndivyo utakavyofyatua. Hujawa tayari mpaka uweke risasi 5 mfululizo ndani ya duara la sentimita 15 kwa mita 100. Ukifika ranchini, piga 3 za kujaribu kwa bunduki utakayotumia, hata kama mwongozaji anasema ililengwa jana.

Pa kulenga panatofautiana. Axis aliyesimama ubavu mpige nyuma tu ya bega, katikati ya kimo cha mwili: mapafu yanakwenda, mabega yote mawili yanasalia kwa sufuria. Nilgai mpige kwenye bega lenyewe, theluthi ya chini ya mwili, maana moyo na mapafu yake yamekaa mbele na chini kuliko unavyodhani. Utapoteza nyama kidogo ya bega. Kubali hasara hiyo, kwani nilgai aliyepigwa nyuma huingia kichakani na kumtafuta usiku kucha ni kumkuta asubuhi amevimba. Usipige mnyama aliyekupa mgongo wala anayekimbia. Risasi ikipita tumboni, majani yaliyochachuka humwagika juu ya sarara, na nyama ya mnyama aliyekimbia kwa hofu hukauka na kuwa nyeusi.

Saa ya kwanza baada ya risasi

Thibitisha amekufa kwa kugusa jicho na ncha ya fimbo ukiwa upande wa mgongo wake. Piga picha dakika tano, basi.

Vaa glavu. Mlaze chali, kichwa kikiwa juu kidogo. Kata duara kuzunguka njia ya haja kubwa, vuta utumbo nje kidogo na uufunge kwa kamba. Toboa ngozi chini ya kidari kwa tundu la vidole viwili, ingiza kidole cha shahada na cha kati vikiwa vimetengana kama panda, weka kisu katikati makali yakitazama juu, kisha telezesha kuelekea nyonga. Vidole husukuma tumbo chini, kisu hukata ngozi na msuli tu. Ukisikia mlio mdogo wa hewa na harufu ya majani machachu, umetoboa tumbo la kucheua. Simama, geuza mnyama ubavu yatiririke nje, na futa kwa kitambaa. Usimwagie maji ya dimbwi. Kata kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, ingiza mkono mpaka kooni, kata koromeo na umio juu kabisa, vuta vyote kwa pamoja. Kibofu kishikwe kama yai.

Lengo ni matumbo kuwa nje ndani ya nusu saa siku ya joto, na saa moja siku ya baridi. Tumbo la mnyama anayecheua huendelea kuchacha na kutoa joto baada ya kufa, na ngozi hulifungia ndani. Kwa nilgai pana mahali panapodanganya watu: kwenye paja, karibu na mfupa wa nyonga. Nje nyama ni baridi, rangi yake nzuri. Ukikata hadi mfupani unakuta imekuwa ya kijivujivu, inateleza, na inanuka kama maziwa yaliyochacha. Msuli ni mnene mno, joto halikupata njia. Dawa yake ni kukata paja kutoka mwilini mapema na kulipasua kando ya mfupa ili hewa baridi iingie.

Kama gari haliwezi kufika, nilgai hukatwa bila kufungua tumbo. Chuna upande mmoja, ondoa mkono wa mbele, paja, minofu ya mgongo na shingo, mgeuze ufanye upande wa pili, kisha pitisha mkono nyuma ya ubavu wa mwisho utoe sarara. Weka vipande kwenye mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa. Plastiki hutunza joto, na joto ndilo unalolikimbia.

Ubaridi na kulaza nyama

Bakteria huzaana haraka kati ya nyuzi 4 na 60. Fikisha nyama chini ya 4 ndani ya siku hiyo, lakini usiigandishe papo hapo. Msuli ambao haujapita hatua ya kukakamaa ukigandishwa, au ukiondolewa mfupa ukiwa bado moto na kupozwa ghafla, hujikunja na kubaki mgumu hata ukiuchemsha kutwa. Ning'iniza nusu ya mzoga au robo kwenye nyuzi 1 hadi 4 kwa angalau siku moja. Jike la axis hulainika vya kutosha kwa siku 4 au 5, nilgai kwa 7 hadi 10.

Bila chumba cha ubaridi, tumia masanduku: kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya nyama, na nyongeza kila siku. Sanduku la lita 110 linabeba axis mmoja aliyekatwa robo pamoja na barafu yake. Nilgai anahitaji matatu au manne. Fungua kizibo cha chini na uinue upande mmoja maji yatoke, kwa sababu nyama inayoogelea hupauka na maji hueneza uchafu kutoka kipande kimoja hadi vyote.

Bucha

Piga simu kabla ya safari ujue kama wana nafasi. Sema wazi unataka nyama yako mwenyewe, kwani kwenye soseji baadhi ya mabucha huchanganya nyama za wawindaji kadhaa. Sema pia kuhusu mafuta: nyama hizi ni kavu, hivyo ya kusaga huongezwa asilimia 10 hadi 20 ya mafuta, na desturi ya huko ni ya nguruwe. Asiyekula nguruwe aagize mafuta ya ng'ombe kwa maandishi, au bora zaidi achukue minofu mizima na kusaga nyumbani, kwa kuwa mashine ya bucha ni ileile inayosaga ya nguruwe. Mafuta ya axis yenyewe yakatwe yote. Yanachacha upesi hata ndani ya friza. Nyama uliyowinda ni ya kula na kugawa, hairuhusiwi kuuzwa.

Kurudi nyumbani

Kwa gari, igandishe kabisa kwanza, ijaze sanduku pasiwe na hewa, funga utepe na usifungue njiani. Kilo 60 zilizogandishwa huingia masanduku mawili ya lita 75. Kwa ndege, begi la kawaida lina kikomo cha kilo 23, hivyo hesabu kilo 18 hadi 20 za nyama kwa kila sanduku. Barafu kavu ni kilo 2.5 tu kwa abiria, kwa idhini ya shirika la ndege, na sanduku lazima liwe na njia ya kupumua.

Majimbo mengi hayaruhusu ubongo wala uti wa mgongo wa jamii ya kulungu kuingia, kwa hofu ya CWD, ugonjwa wa kulungu unaoharibu ubongo. Nyama isiyo na mfupa ndiyo salama. Kwa nilgai wa kusini, uliza kama ranchi imo kwenye karantini ya kupe wa homa ya ng'ombe, kwa sababu hapo ngozi na kichwa haviondoki bila kufuata utaratibu wa Texas Animal Health Commission.

Nyumbani, andika kila pakiti aina ya mnyama, kipande na tarehe, uhifadhi kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Nyama ya kusaga ipikwe mpaka katikati ifike nyuzi 71. Minofu ya mgongo na sarara ipikwe haraka kwenye moto mkali, maana haina mafuta ya kuilinda na dakika mbili za ziada huigeuza ngozi. Shingo na miguu ni ya mchuzi wa moto mdogo, saa tatu au nne, mfuniko ukiwa umefungwa.